Chumvi ya Maganda

Mkate wa Ifakara wa siku zile ulikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa huo sisi wa jikoni tuliuita mlenda. Kwa nje mkate ulionekana mzima, una rangi nzuri, hauna hata doa la ukungu. Lakini siku ya pili au ya tatu, ukiukata katikati na kuvuta pande mbili taratibu, ndani ulifanya nyuzi nyembamba, zinavutika na kulegea kama mlenda kwenye kijiko, na harufu yake ilikuwa ya nanasi lililokaa sana. Kiangazi ugonjwa huo ulijificha. Masika, bonde lote likiwa limelowa na joto halipungui hata kwa mvua, ulitoka kwenye kila mkate.

Nilianza kazi ya tanuri la misheni mwezi mmoja baada ya mto kumchukua mume wangu. Alikuwa mvuvi, na siku ambazo samaki ni haba alivusha watu kwa mtumbwi pale Kivukoni. Mwezi wa kwanza wa mwaka mtumbwi ulipinduka. Wenzake wawili waliogelea wakatoka, yeye hakuonekana, si siku ile wala siku zilizofuata. Tulikaa msibani bila maiti. Wakwe zangu walikuja kutoka Mngeta, wakakaa, wakaondoka, wakaniambia mlango wao uko wazi. Sikukataa wala sikukubali. Nilibaki nimekaa palepale kwenye mkeka mpaka mke wa mwokaji wa misheni, mama mmoja Mwislamu aliyezoea kununua samaki kwetu, alipokuja akanishika mkono na kunipeleka kwake. Aliniambia, "Utalala hapa. Asubuhi utamsaidia mzee." Asubuhi nikamsaidia mzee.

Sikulia. Naliandika hili kwa hasira kidogo, maana wapo waliosema hadharani kwamba sikumpenda mume wangu, na baadhi yao walikuwa ndugu zangu kabisa. Nilimpenda. Ila nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unauona ni wako, unaugusa, na hausemi kitu. Nilikula bila kujua nimekula nini. Mama yule ndiye aliyegundua wa kwanza, kwa sababu nilitia chumvi mara mbili kwenye mboga, nikaila nusu nzima, sikushtuka.

"Wewe binti," alisema, "ulimi wako umeuacha wapi?"

Nikamwambia sijui. Akaiongezea maji mboga yake.

Mwokaji alikuwa mtu wa Kilosa. Kuoka alijifunza jeshini wakati wa vita, akipikia askari huko Burma, na alikuwa na tabia ya kuhesabu mikate kwa sauti ya amri kama anakagua gwaride. Mikate yake ilikuwa ya wagonjwa wa hospitali, ya nyumba ya masista, na ya vigango vya ng'ambo ya mto, ambako ilifika baada ya siku tatu au nne, ikiwa kivuko kinafanya kazi. Ndiyo maana mlenda ulikuwa tatizo. Mwaka uliotangulia, mikate ya masika ya ng'ambo ilitupwa karibu yote. Padri mkubwa alikuwa ameshasema neno lake, na kila mtu alilijua: mlenda ukirudi mwaka huu, tanuri linafungwa, wagonjwa watakula wali na uji kama watu wengine, na mwokaji atafute kazi kwao. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya misheni na ilikwenda pamoja na kazi. Nani angemwajiri mwokaji mwenye umri ule huko Kilosa, sijui. Mzee mwenyewe alijua.

Mimi nililisikia jambo hilo kama unavyosikia habari za Masagati. Ni kweli, ni mbali, yatakuwa ya huko.

Aliyetafuta dawa ni sista aliyesimamia jiko. Alikuwa mrefu, mikono imejaa alama za moto, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Alikuja asubuhi moja na kitabu cha waokaji cha kwao, kimepasuka mgongo, akatusomea akitafsiri polepole. Kulikuwa na chumvi fulani, alisema, inatengenezwa kwa siki na chokaa. Ukitia kidogo kwenye unga, mlenda hauji. Kuiagiza Ulaya ingefika masika imekwisha. Basi tutaitengeneza.

"Chumvi ya kula?" aliuliza mzee.

"Si ya kula. Lakini wataila."

Mzee alinitazama mimi, mimi nikatazama ukuta. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile naona lilikuwa jibu zuri, ila siku ile hakuna aliyecheka.

Siki haikuwa shida. Ndizi zilikuwepo za kumwaga, na siki ya ndizi mama yule aliijua tangu kwao. Chokaa ya wajenzi sista aliikataa, kwa sababu ina uchafu, akasema tutatumia maganda ya mayai. Kwa hiyo mimi, mjane wa miezi miwili, nikawa napita hospitalini na nyumba za masista na kapu kuokota maganda ya mayai. Watoto waliniimbia. Nilikuwa nayachemsha, nayamenya utando wa ndani, nayaanika, nayatwanga.

Mara ya kwanza tuliyatwanga vipandevipande, tukayamwagia siki, tukaweka moto mkali wa kuni. Povu lilipanda, siki ikatoka kwa mvuke, ikatuchoma macho sote watatu, na tulipokagua sufuria maganda yalikuwa bado maganda. Tulikuwa tumechemsha siki ikaenda zake angani. Sista aliandika kwenye daftari lake. Alikuwa na daftari la mistari, kila sufuria ina ukurasa: maganda vikombe vingapi, siki vikombe vingapi, moto wa namna gani, imechukua muda gani, imetoa nini.

Mara ya pili nilitwanga mpaka unga, nikachekecha kwa chekecheo la unga wa mchele. Siki ikala haraka, povu likafurika nje ya sufuria likazima moto. Mara ya tatu tulitia unga kidogo kidogo, kijiko, subiri, kijiko, subiri, na badala ya kuni tukaweka sufuria juu ya tanuri baada ya mikate kutoka, pale ambapo joto linabaki mpaka jioni bila ukali. Hapo ikakubali. Maji yakawa ya rangi ya chai hafifu. Tukayachuja kwa marekani iliyokunjwa mara nne, tukayarudisha juu ya tanuri yapungue, na pembeni mwa sufuria ukaanza kuganda ukoko mweupe.

Ile rangi ya chai haikumpendeza sista. Sukari ya ndizi, alisema, inabaki kwenye siki, inafanya chumvi inate. Siki ingekuwa safi kama maji kazi ingekuwa nzuri. Mimi nilijua jinsi ya kuipata siki safi kama maji, kwa sababu mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa mpika pombe ya moshi. Chungu, mfuniko wa tope, bomba, beseni la maji baridi. Nilisema tu, bila kufikiri kwamba nazungumza na mtawa kuhusu pombe ya haramu.

"Bomba hilo linapatikana wapi?"

"Linapatikana, sista."

"Sitaki kujua linatoka wapi."

Likapatikana. Ikawa misheni ile, ambayo kila Jumapili moshi ulikemewa vikali mimbarini, nyuma ya jiko lake kuna mtambo wa moshi unaotoa siki. Askari wa tarafa alifika mara moja akifuata bomba, akaonjeshwa, akaondoka ameshika taya. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliona kwamba ni jambo la kuchekesha. Nililiona tu.

Ilibaki shida moja, na hiyo ndiyo ninayoiandikia. Kiangazi tungeianika chumvi juani ikakauka kabisa, na siki yoyote iliyobaki ingepeperuka. Masika hakuna jua la kuaminika, na juu ya tanuri chumvi iliyokaushwa mno iliungua, ikawa kahawia na kunuka vibaya. Kwa hiyo tuliitumia ikiwa uji mzito, kijiko kwa kijiko ndani ya unga. Sasa, ikiwa siki haijaisha kuliwa na maganda, uji huo unabaki mchachu, na uchachu unaua hamira. Mkate hauumuki. Ilibidi kujua kwa hakika siki imeisha lini. Hospitali ilikuwa na karatasi za kupimia uchachu, lakini zilikuwa chache na hazikutolewa kwa ajili ya mikate.

Mzee ndiye aliyepata njia. "Ganzi," alisema.

Kila aliyewahi kula embe bichi au ukwaju anaijua. Uchachu ukigusa meno, meno yanakufa ganzi, huwezi hata kutafuna wali. Basi chota kidogo, poza, pitisha kwenye meno ya mbele, tema. Ikitia ganzi, bado. Isipotia, imeiva. Aliponieleza nilimkumbuka mume wangu, alivyopenda embe bichi na chumvi na pilipili, anakula mtumbwini mpaka jioni analalamika kwamba chakula changu kigumu. Nilimkumbuka kama unavyokumbuka mahali ulipoweka sindano. Nikarudi kutwanga.

Mwanzo mzee alionja mwenyewe, na sufuria tatu za kwanza alizozipitisha zilikuwa nzuri. Mkate uliotiwa chumvi ile tuliufunga kwa kitambaa kilicholowa, tukauweka karibu na tanuri siku tano, mahali ambapo mkate wa kawaida ungekuwa mlenda mtupu. Sista akaukata, akavuta. Ulikatika kama mkate. Alivuta tena kipande kingine, akaweka kisu chini, akafanya ishara ya msalaba, naye mzee akasema alhamdulilahi, na daftari likapata ukurasa mzuri.

Halafu ukaandama mwezi wa Ramadhani. Mwaka ule Ramadhani iliangukia masika, ndani ya Kwaresima, jiko zima likawa la watu wenye njaa. Mzee alikuwa anaoka tangu alfajiri bila tone la maji. Wapo wanaosema kuonja na kutema hakufunguzi, lakini yeye hakutaka kuchezea funga yake. Sista alijaribu. Akaonja, akasema haina uchachu, akaonja na mama, aliyekuwa hafungi kwa maradhi ya miguu, akatokwa machozi. Kumbe kwao sista mkate mchachu ndio mkate wenyewe, ulimi wake umezoea. Basi kazi ya ganzi ikaja kwangu. Nilikuwa na meno yote, sifungi, ni mtu wa bondeni niliyekulia kwenye ukwaju. Hakuna aliyeniuliza kama nasikia kitu, na mimi sikufikiri kujiuliza.

Sufuria ya nne ilikuwa kubwa kuliko zote, ya mikate ya wiki nzima. Nilichota, nikapoza, nikapitisha kwenye meno. Hapakuwa na kitu.

"Haina ganzi," nilisema.

"Una hakika?" aliuliza mzee.

"Haina, baba."

Asubuhi mikate arobaini haikuumuka. Ilitoka tanurini imekaa bapa, mizito, na harufu ya siki imejaa jiko. Mzee alisimama mbele yake na koleo mkononi. Alihesabu kwa mazoea, moja, mbili, tatu, akaacha. Sista alikuja, akavunja mmoja, akaonja, na safari hii hata ulimi wake ulikubali. Hakugomba. Alisema tu, "Hii siwezi kuipeleka hospitali." Mikate ikabebwa kwa toroli kwenye zizi la nguruwe wa misheni.

Mzee alilisindikiza toroli kwa macho mpaka lilipopita kona. Ameoka tangu alfajiri na kiu, katika mwezi ule, na mikate yake inakwenda kwa nguruwe. Alichukua fagio akafagia unga.

Mchana padri mkubwa alimwita sista. Sista akarudi na habari aliyotuambia akiwa amesimama mlangoni: mikate ya Jumatatu itakayovuka mto ndiyo ya mwisho kujaribiwa. Ikiharibika kwa mlenda au kwa siki, tanuri linazimwa mwisho wa mwezi. Mzee alisema, "Nimesikia, sista." Mkewe alikuwa nyuma ya mlango na ndoo ya maji, naye alikuwa amesikia.

Jioni ile, baada ya kufuturu, nilikuwa nakusanya vikombe. Nilivikusanya, nikaviweka chini tena.

"Baba," nilisema, "ile sufuria. Sikusikia kitu."

"Ulisema haina ganzi."

"Nilisema nilichosikia. Sikusikia kitu. Hata sasa nikila sisikii. Uji huu sijui una sukari au hauna."

Ningependa kuandika kwamba alikuwa mpole, lakini alikuwa mtu aliyepoteza mikate arobaini na anayekaribia kupoteza nyumba. "Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Sikujua kwamba sisikii."

Mama alisema, "Mimi nilijua," kwa sauti ndogo, na mumewe akageukia upande wake. Kisha akauliza kama uji una sukari. Mama akasema umejaa sukari. Nikanywa tena. Yalikuwa maji ya moto mazito.

Kesho yake mzee alikuja na njia nyingine. Hatutategemea ulimi wa mtu. Tutatia maganda mengi kuliko siki inavyoweza kula. Siki ikiisha, maganda yatabaki chini ya sufuria, hakuna povu, umekoroga na yametulia tu. Yakibaki, imeiva. Sista alisema hiyo ni hesabu nzuri, akaiandika.

Ilikuwa hesabu nzuri. Lakini wiki ile mayai ya kuku yalikuwa haba, nikaenda kukusanya maganda mpaka kwa watu wa ng'ambo, na mengi niliyoletewa yalikuwa ya kanga. Ganda la yai la kanga ni gumu. Nilitwanga, mikono ikachoka, mvua ikanikuta, nikaacha yakiwa hayajalainika vizuri. Utando pia sikuumenya wote. Nilidhani hakuna tofauti, maana safari hii ganda lenyewe litasema.

Sasa niseme lililotokea baadaye, ili msomaji asikae roho juu. Mikate ya Jumatatu ilivuka mto. Kivuko kilikwama siku mbili kwa maji mengi, mikate ikakaa ndani ya kapu chini ya turubai, na ilipofika ilikuwa na siku sita. Katekista wa kigango aliurudisha mmoja kwa makusudi kama alivyoagizwa, ukafika jikoni una siku tisa. Padri mkubwa mwenyewe aliukata, akavuta. Ulikuwa mkavu, mgumu, wa kuchovya kwenye chai, ila ulikuwa mkate. Mzee alioka pale mpaka macho yalipomzidi, na nyumba ile nililala ndani yake mpaka nilipoolewa tena, miaka mitatu mbele. Daftari la sista sijui liko wapi.

Lakini ukurasa wa sufuria ile ya Jumamosi ninaujua kwa moyo, na kuna kitu sista hakukiandika.

Ilikuwa asubuhi, mikate ya kawaida imetoka, mvua inapiga bati. Sufuria ilikuwa juu ya tanuri tangu jana yake. Sisi wanne tulisimama kuizunguka. Mzee alikoroga kwa mwiko. Chini kulikuwa na maganda, tena mengi, yameshuka yamekaa. Hakukuwa na povu hata kidogo. Akakoroga tena, tukasubiri, hakuna.

"Imekwisha," alisema sista, akafungua daftari.

"Imekwisha," alisema mzee, lakini mwiko hakuutoa. Alichovya kidole, akakiinua karibu na mdomo. Nilimwona. Ilikuwa kazi yake yote, na nyumba, na mke mwenye miguu mibovu, na kidole kiko hapo. Akakiangalia. Akakifuta kwenye aproni.

Mimi nilichukua kijiko kwa mazoea tu. Hakuna aliyeniambia. Tangu jioni ile ya uji hakuna aliyetaka ulimi wangu, na walikuwa na haki. Nilichota, nikapoza, nikapitisha kwenye meno.

Meno yalikufa ganzi.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini asubuhi ile. Hakukuwa kumetokea kitu. Hakuna aliyeniletea habari wala kuniambia neno. Ganzi ilianza kwenye meno ya mbele, ikapanda mpaka kwenye ufizi, ikashika masikio, kali, ileile ya embe bichi na chumvi, na nilimwona mume wangu amekaa nyuma ya mtumbwi, ameshika kafi kwa mkono mmoja na embe kwa mkono mwingine, anakunja uso, ananiambia, "Leo usipike wali, mke wangu, pika uji, meno yamekufa." Na mimi ninamcheka. Ndipo nilipojua kwamba hatarudi. Ilikuwa imepita miezi mitatu, na nilijua asubuhi ile. Iliuma. Iliuma kifuani kabisa, mahali ambapo unaweza kuweka kidole, na nilishika ukingo wa tanuri ambao ulikuwa wa moto, na huo pia niliusikia.

"Bado," nilisema.

Sista aliinua kalamu. "Lakini maganda yapo."

"Maganda ni ya kanga, sista. Sikuyatwanga vizuri. Siki bado ipo."

"Juzi ulisema haipo, ilikuwepo," alisema, bila ubaya. "Leo unasema ipo."

Machozi yalikuwa yanatoka, mengi, yanafika kidevuni, sikuyafuta kwa sababu nilikuwa bado nimeshika kijiko. Mama alinisogelea. Mzee alinitazama usoni, halafu akatazama sufuria, halafu akanitazama tena. Kama ningekuwa nimekosea, siku nyingine nzima juu ya tanuri ingetuchelewesha na Jumatatu mikate isingekuwepo. Kama ningekuwa sawa na asinisikilize, nguruwe wangekula tena.

"Ina ganzi?" aliniuliza.

"Ina ganzi, baba."

"Sana?"

"Sana."

Alichukua kikombe cha unga wa maganda ya kuku, ule laini tuliouhifadhi tangu mwanzo, akaumwaga kijiko kimoja ndani ya sufuria. Povu likapanda. Lilipanda mpaka ukingoni, likachemka kwa sauti ndogo, na sista akasema neno la kwao ambalo sikulielewa. Mzee akatia kingine. Likapanda tena.

Alinichukulia kijiko mkononi, akanipa kata ya maji.

"Siki kali hiyo, mwanangu," alisema. "Imekutoa machozi. Sukutua."

"Ndiyo, baba," nilisema. "Ni siki."

Nikasukutua, nikatema nje kwenye mvua. Ganzi haikutoka. Nikarudi ndani, nikakaa kwenye gunia la unga, nikaendelea kulia, na mzee akawa anatia kijiko, anasubiri, anatia kijiko, anasubiri, hanitazami.